Nilivyokata Waya Nikaishika FM

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu nikachunge mbuzi, na sioni haya kusema, kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna redio ya huku kwetu milima ya Mbooni, Ukambani, iliyotupwa kabla ya kupita kwenye meza yangu pale soko la Kikima.

Kazi nilijifunza miaka ya sitini, Kitui mjini, nikifagia duka la mzee mmoja wa pwani aliyetengeneza redio. Aliniambia, "Redio ni mbuzi, kijana. Mpe kamba ndefu, atafikia majani ya mbali." Basi kila nyumba niliyoitwa nilivuta waya mrefu kutoka paani hadi kwenye mti, na habari zikaja, na matangazo ya vifo kwa Kikamba yakaja, hata kama yamejaa mikwaruzo.

Miaka ya tisini ndiyo FM ikatufikia, au tuseme ilifikia waliokaa upande wa mlima unaotazama Nairobi. Mwalimu mmoja mstaafu alinunua redio mpya huko mjini. Dukani iliimba kama mtu amekaa kando yako. Kwake nyuma ya mlima ikawa inalia kama mahindi yakikaangwa. Akaniletea siku ya soko, kibanda kimejaa watu.

"Fundi, hii si zile zako za kunguruma," akasema. "Hii inataka mtu amesoma. Kama ni ngumu sema tu, niirudishe Nairobi."

Watu wote wenye redio mezani kwangu wakanitazama. Nilijua wanangoja nini. Nikikubali nimeshindwa, kila mmoja atabeba yake aende, na kibanda nifunge.

"Kesho niko kwako," nikamwambia. "Weka chai."

Nilienda na waya mzigo mzima. Nikaufunga kwenye paa, nikauvuta hadi mparachichi, nikawasha. Mahindi yanakaangwa. Nikaongeza waya hadi zizi la ng'ombe. Ikawa mbaya zaidi. Majirani wakaja kusimama kwenye ua. Jikoni, redio kuukuu ya mke wa mwalimu ilikuwa inasoma habari kwa Kikamba bila shida yoyote.

"Mwambie mzee akuje asikilize yangu," mama huyo akaniambia kutoka mlangoni.

"Hiyo ni ya mazishi!" mwalimu akajibu.

Nilikunywa chai, nikaenda zangu. Sikulala njaa, wala sikulia. Njiani nilifikiria kitu kimoja tu. Ile redio mpya, antena yake ukiivuta yote haizidi mkono wa mtu. Kiwanda kingeshindwa kuweka ndefu? Waliotengeneza si wajinga, na hawakumjua yule mzee wangu wa Kitui. Kama wameweka fupi, wanataka fupi. Mimi ndiye niliyekuwa nang'ang'ana na kamba ya mbuzi.

Asubuhi nilirudi na mti mrefu wa mkaratusi, fito moja na koleo. Kwenye fito niligongomea waya mbili za shaba, moja huku, moja kule, zisigusane katikati. Kutoka hapo nikateremsha waya wa njia mbili, ule wa taa, kila njia na shaba yake. Njia moja nikaifunga kwenye antena ya redio, nyingine kwenye chuma cha ndani ya redio. Fito nikaifunga nchani mwa mkaratusi, tukausimamisha na majirani pale juu ya shamba, kwa sababu FM haijui kuzunguka mlima. Lazima uinyanyukie.

Zile waya za shaba zilikuwa ndefu, zimening'inia kila upande. Nikaanza kukata. Kata kidogo huku, kata kidogo kule, simamisha, sikiliza. Laza mti, kata tena.

"Fundi," jirani mmoja akaita, "unapunguza waya ama akili?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameinama na sikio kwenye redio.

"Ngoja," akasema. "Kuna mtu anaongea hapa."

Nilikata tena. Nikageuza fito ubavu wake utazame Nairobi. Mwanamke akaimba katika ule ua, safi, bila hata mkwaruzo mmoja, mpaka yule jirani akavua kofia. Kila waya wa shaba ulikuwa umebaki sawa na mkono wangu, begani mpaka ncha ya vidole.

"Lakini kwa nini fupi ndiyo inashika?" mwalimu akaniuliza.

"Hiyo ni ya waliosoma," nikamwambia. "Mimi nimeishika."

Aliingia nyumbani akatoka na rula ya shule apime ile shaba. Nikamwambia aache, apime mkono wangu. Akapima kweli, mbele ya watu, na mimi nikaunyoosha vizuri.

Siku ya soko iliyofuata nilikuta redio tano mpya zinaningoja kibandani. Ule mzigo wa waya mrefu nikampa mke wangu aanikie nguo.