Nukta tatu chini ya tangi

Saa moja na nusu asubuhi. Pikipiki nyekundu imesimamishwa mbele ya kibanda cha mabati, imeng'arishwa kama bwana harusi. Dalali anaizunguka akiisifia matairi. Mnunuzi, mwalimu wa shule ya msingi, ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyekwisha kuondoka nayo.

Mwanamke wa miaka thelathini na tisa anatoka kibandani akijifuta mikono. Rangi haitazami. Anachuchumaa, anachomoa waya wa plagi, anaitia spana.

"Dada, si uiwashe kwanza uisikie inavyoimba?" anasema dalali.

"Hata mwongo ana sauti nzuri," anajibu bila kuinua kichwa. "Mimi namtazama ulimi."

Anaigeuza plagi juani. Plagi ya injini iliyotulia huwa na rangi ya chai ya maziwa. Hii ni nyeupe kama mfupa, na kwenye kauri yake kuna vichembe vinavyong'aa, vidogo kuliko chumvi.

"Umeviona, mwalimu? Hiyo ni pistoni yako. Inaliwa kidogo kidogo."

Katika soko hili la pikipiki zilizotumika, wanamwita Mama Chaki. Kabla mnunuzi hajatoa hela, yeye huisoma injini na kueleza ilichezewa vipi na mikono ya waliotangulia. Anachokikuta hukiandika kwa chaki juu ya tangi, kila mpita njia akione. Kanuni ya soko ni kwamba chaki haifutwi mpaka kasoro itengenezwe.

Husoma injini tatu au nne kwa siku. Ujira wa injini moja ni unga wa siku mbili na kipande cha sabuni. Mvua ikinyesha, hakuna kitu.

Madalali hawampendi, na hawafichi. Mara mbili amekuta mabati ya kibanda yameng'olewa. Safari hii wameungana, wakamlipa mwenye kiwanja kodi ya mwaka mzima ya sehemu yake, na Mama Chaki akapewa notisi ya siku kumi na nne ahame.

"Wavunje," anasema. "Nitasimama juani. Chaki haihitaji paa."

Kanuni ya chaki ilianzishwa na kaka yake mkubwa, ndiye aliyemfundisha kazi. Alifariki miaka miwili iliyopita kwa maradhi ya figo. Ovaroli lake bado limening'inia kwenye msumari wake, na mteja akitundika kofia juu yake huambiwa aishushe, kwa upole, lakini huambiwa.

"Alikuwa ananifumba macho kwa kitambaa, ananipa skrubu," anakumbuka. "Ananiuliza, 'Aliyeifungua hii alikuwa na haraka au hakuwa nayo?' Nikikosea ananicheka mpaka jioni."

Sasa ameliinua tangi la pikipiki nyekundu. Ghafla mikono yake inasimama.

Kando ya bolti ya kwanza ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kuna nukta tatu, zimegongwa kwa msumari wa chuma, zimepangwa kama mafiga. Ni alama ya kaka yake; madalali wa zamani wanaijua. Aliigonga kwenye kila hedi aliyoisaga ili injini ipate nguvu za ziada, enzi zile alipowatengenezea vijana waliopenda kushindana barabarani. Mdogo mtu alijua zilikuwepo. Hakuwahi kukutana na hata moja.

Dalali anasogea, anashusha sauti. "Umeona mwenyewe. Rudisha tangi, Mama Chaki. Ukiandika hapo, unamwandika kaka yako. Watasema hata aliyeleta chaki alikuwa mchakachuaji. Nani atakuamini kesho?" Anaongeza: "Rudisha tangi, na ile notisi naongea na wenzangu leo leo."

"Kuna nini, dada?" anauliza mwalimu.

"Utabeba nani kwenye hii?"

"Binti zangu wawili. Shule iko juu kule, mlimani."

Mama Chaki anachukua spana namba kumi na mbili.

Inamchukua dakika arobaini. Hedi imesagwa milimita moja na nusu. Njia ya moshi imepanuliwa, taratibu, bila mkwaruzo. Huo ni mkono wa kaka yake. Kwenye kabureta anakuta mkono mwingine. Jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, ni ndogo, ya kiwandani, na mfuo wake umetafunwa na bisibisi isiyoenea.

"Kaka yangu hakuwahi kutafuna skrubu," anasema. "Yeye aliweka jeti kubwa, injini ikashiba. Aliyekuja baadaye akataka kubana mafuta, akarudisha ndogo. Sasa inafanya kazi ya punda kwa chakula cha kuku. Inaungua."

Dalali anaruka. "Ee! Basi kosa ni la huyo wa jeti! Andika jeti, yaishe!"

Mama Chaki anatoa chaki mfukoni.

"Hedi isingesagwa, jeti ya kiwandani isingekuwa na kosa."

Anaandika kwa herufi kubwa: HEDI IMESAGWA. JETI NDOGO. ITAKWAMA MLIMANI. Chini yake anaongeza: Hedi ni kazi ya kaka yangu.

"Umemvua nguo marehemu!" dalali anapaza sauti mpaka wauza vipuri wanageuka.

"Marehemu hapandi pikipiki. Anayepanda ni huyu, na wanawe."

Mwalimu anaachia usukani.

Habari haina miguu lakini hufika. Jioni ile mama yao, anayeishi naye, hakuitikia salamu yake. Kesho yake pia. Siku ya tatu bibi huyo alikuja sokoni kwa mguu, akapita wateja, akaweka daftari lenye jalada la bluu juu ya benchi.

"Lilikuwa chini ya godoro la kaka yako," alisema. "Kama umeamua kumsema mwanangu, usimseme nusu."

Ndani mlikuwa na namba za injini kumi na moja, na kando ya kila moja nukta tatu.

Kunakili namba hizo kwenye kipande cha boksi kulimchukua Mama Chaki nusu saa. Amekigongelea mlangoni: mwenye mojawapo ya injini hizi aje, atatengenezewa bure. Mpango wake ni kuwekea kila moja gasketi nene ya kuinua hedi, au hedi isiyosagwa, na jeti inayolingana. Mpaka juzi alikuwa ameshamaliza mbili. Ya pili ni ile nyekundu, iliyokaa sokoni siku tano na maandishi yake bila kuulizwa bei, mpaka dalali akanunua hedi mwenyewe na kuileta akiwa amenuna.

"Ifute basi hiyo chaki yako," alimwambia.

"Nyamaza kwanza niiwashe. Si ulitaka niisikie inavyoimba?"

Ijumaa notisi inakwisha. Injini zimebaki tisa. Alipoulizwa atahamia wapi, alikuwa na plagi mkononi, ameielekeza juani chini ya ovaroli la kaka yake.

"Kuhama?" alisema. "Wakija kuvunja watanikuta nimechuchumaa hapa hapa. Wakitoa mabati, ndiyo nitaona vizuri."