Maana ya Huruma kwa Kirefu

Nilianza masomo ya jioni ya watu wazima, yale wanayoyaita ngumbaru, nikiwa na miaka arobaini na ushee. Nikishafunga biashara yangu ya samaki sokoni, naoga, naenda darasani. Tunasomea shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Mwalimu wa Kiingereza ni sawa na mwanangu. Mlangoni ananipa shikamoo, naitikia marahaba, halafu hapo hapo ananisimamisha kama mtoto wa darasa la tatu.

Alikuwa na sharti moja. Hataki neno la Kiingereza ulitafsiri kwa neno moja la Kiswahili. Ueleze maana yake, kwa Kiingereza ukiweza, ukishindwa kwa Kiswahili, lakini kwa kirefu. Alisema anayekariri tafsiri anasahau, anayejua maana hasahau. Nikamwamini. Nilikuwa naparua magamba huku midomo inatembea, wenzangu wakidhani nasali. Na kusali nilikuwa nasali pia. Ombi langu lilikuwa moja: siku moja nisimame madhabahuni nimtafsirie mgeni neno la Mungu.

Kanisani kwetu kazi hiyo ni ya binti wa mchungaji, aliyesoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Ulipokaribia mkutano wa akina mama, nikamfuata mchungaji nikamwomba. Akasema sawa mama, Bwana akutumie.

Mgeni alikuwa mama wa makamo, anaongea taratibu. Mwanzo nilienda naye vizuri tu. Halafu akasema compassion. Huruma. Neno ambalo mtoto mdogo analijua. Lakini kichwani halikuja, ikaja ile maana ya darasani, na ikanitoka yote: "Ni kuumia moyoni kwa sababu mwenzako anaumia, mpaka unataka kufanya kitu ili apone."

Mgeni akasubiri nimalize, akanitazama, akaendelea. Akasema humility. Nikaanza tena: "Ni kutojiona wewe ni zaidi ya wengine, hata kama..."

Nyuma wakaanza kucheka. Mgeni anasema neno moja, mimi nahubiri. Kila neno zito lilikuja na mkia wake, na nikijaribu kuukata nalipoteza na neno lenyewe.

Mchungaji akapanda. Akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, akasema nacho kabisa ili wote wasikie.

"Mama, hapa si ngumbaru."

Kanisa zima likacheka, na wale ninaowauzia samaki kila siku wakacheka. Binti yake akapanda. Huruma, unyenyekevu, haraka haraka, kama anayemenya karanga.

Nilirudi kwenye benchi, nikakaa karibu na mama mwenzangu wa sokoni. Yeye hakuwa amecheka. Mgeni akafika mahali akasema kwa uchungu, sentensi ndefu, sauti ikamkatika. Binti akaikusanya kwa maneno matatu akapita.

Mwenzangu akanisogelea. "Mama, hapo kasema nini hasa? Wewe si umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Kila neno lilikuwa limenifungukia na maana yake yote.

"Mtafsiri yupo pale mbele," nikamwambia. "Msikilize huyo."

Akarudisha uso mbele. Nami nikafumba macho kama ninayeomba, mpaka ibada ikaisha.