Mwalimu Aliyekataa Kuipoteza Sauti Yake

Jumamosi tulimzika, huko kwao karibu na Tosamaganga, mwalimu wa Kiswahili ambaye wasomaji wangu wa Iringa watamkumbuka kwa jioni za mashairi alizoziendesha katika ukumbi wa mgahawa mmoja jirani na soko. Kilichomuua ni saratani ya koo. Ilikuwa bado changa alipoambiwa. Daktari kule Mbeya alimweleza bila kuzunguka kwamba akifanyiwa upasuaji angepona, ila kisanduku cha sauti kingeondolewa. Angeishi, lakini asingesema tena kama zamani. Akarudi nyumbani, akamwambia mkewe atakwenda baada ya jioni ya mashairi iliyokuwa inakuja. Ilipopita, akasema baada ya nyingine.

Nilimfahamu ukumbini tu. Wanafunzi wake husema darasani hakusamehe kosa la mizani, lakini jukwaani alisoma mashairi huru, yasiyo na vina, kuhusu wapanda mpunga wa Ubaruku na wauza nyanya wa Ilula wanaokimbilia madirisha ya mabasi. Siku moja mfanyabiashara mmoja mzee, mwenye asili ya Pwani na aliyelelewa kwa tenzi, alisimama. “Mwalimu, samahani. Hili si shairi, hii ni taarifa ya habari.” Mwalimu akainamisha kichwa kwa heshima. “Mzee wangu, na habari yenyewe imekufikia?” Mzee akafikiri. “Imenifikia.” “Basi nimeridhika.” Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na tangu hapo yule mzee hakukosa kuja.

Jioni yake ya mwisho ilikuwa wakati wa baridi kali, tumekaa ndani na makoti yetu. Sauti ilikuwa imebaki mkwaruzo. Alisoma shairi juu ya mama yake, aliyekuwa akiimba Kihehe akipalilia mahindi, na kila baada ya mistari michache alinyamaza, akanywa maji, akaendelea. Alipomaliza tulisimama, tukapiga makofi, na vijana wakapaza sauti: “Rudia, mwalimu!” Akatabasamu, akarudia. Mkewe alikuwa ameketi kando yangu. Hakusimama.

Msibani nilimpa mkewe pole, nikasema, kama tusemavyo, kwamba marehemu ametuachia hazina. “Amewaachia ninyi,” akanijibu, bila hasira. “Mimi nilikuwa nafua leso zenye damu. Nilimwambia, baba watoto, hata ukiwa bubu nakutaka. Akaniuliza, nikiwa bubu nitakuwa nani?” Kisha akageuka kuwapokea wageni waliotoka mbali.

Wapo watakaosema alikufa kishujaa. Mimi pale msibani nilikiona kitanda alichougulia, na siwezi kusema hivyo. Wala siwezi kumlaumu. Mji mzima ulimjua kwa jambo moja, naye akaamini kwamba ndilo alilokuwa. Tumezoea kumsifu mwalimu anayefundisha huku anaumwa, na muuguzi asiyechukua likizo, tukidhani tunawaheshimu, kumbe tunawafungia mlango wa kupumzika. Anayependwa kwa kazi yake anastahili kuambiwa mapema, tena na watu wengi, kwamba siku atakapoiacha bado atakuwa mtu wetu. Huyu aliambiwa na mkewe peke yake, na sauti ya mtu mmoja haishindi makofi ya ukumbi mzima.