Kaptula Iliyobaki Bwawani

Nianze na aibu: utotoni, siku Mwanaidi, msichana wa rika langu, aliponishinda kuogelea kwenye bwawa la mashamba ya mkonge, Ngombezi, nilitoka majini bila kaptula. Juzi niliona kwenye simu waogeleaji wa mashindano wakipita majini kimya kabisa, hasira zikanirudia upya.

Mimi niliamini kasi ni kelele. Nilifanya mazoezi ya kutwanga maji, nikameza na kidagaa kizima kikiwa hai, kwani tuliambiwa humpa mtu kasi majini, maana mshindi ndiye angeruhusiwa kuvuka mto na wakubwa. Siku ya shindano Mwanaidi akanyoosha mkono taratibu, akateleza. Mimi nikatwanga hadi kaptula ikanivuka, nikanywa maji yenye harufu ya mkonge uliooza, nikamchukia yeye na bwawa lake.

Rafiki yangu Shekiondo akanirushia shati nijisitiri.

"We Athumani, ulikuwa unaogelea au unapigana?"