Pistoni Iliyofungwa Nyuma Mbele

Msumeno wa mzee wangu ulitapika petroli mbichi mbele za watu, kama mtoto mchanga aliyeshiba maziwa.

Si moshi. Petroli. Ilichomoka kwenye bomba la moshi ikamrukia msimamizi wa kiwanda cha mbao kwenye shati lake jeupe, palepale kifuani.

Halafu ndani ya injini kikalia kitu: krak! Kama mtu aliyeng'ata mfupa.

Kimya.

Mzee akavuta kamba ya kuwashia. Haivutiki. Injini imekaza kama meno ya mgonjwa.

Watu wakacheka mpaka wengine wakaketi juu ya magogo. Mimi nilisimama kando ya lundo la unga wa mbao, na sababu ya yote yale ninaijua.

Nikanyamaza.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina mizizi.

Mzee wangu ni mpasua mbao tangu ujana. Msumeno wake wa mnyororo, ule wa injini, ndio mke mwenzangu. Hufutwa kwa kitambaa laini, hufunikwa gunia safi, hulala chumbani upande wa kichwani kwake. Mimi nikiugua naambiwa ninywe maji ya moto nilale. Msumeno ukikohoa, mzee hali chakula.

Mwaka huu msumeno ukaanza kuchoka. Vijana wa kiwandani wakapata utani: "Mzee, huo msumeno unakata gogo au unalibembeleza?"

Ndipo mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, akasema kwa ule upole wake: "Baba, ukiniruhusu nitaichonga pistoni. Utarudi kuwa kijana."

"Mimi au msumeno?"

"Msumeno, baba. Wewe bado kijana."

Mzee akacheka. Akaruhusu.

Mkwe ni fundi wa injini ndogo, lakini hana karakana. Anafanyia kazi barazani kwenye nyumba ya kupanga, juu ya meza yenye mguu mmoja uliotiwa tofali, na mwenye nyumba halali bila kulalamikia harufu ya petroli. Msimamizi wa kiwanda alikuwa amemwahidi hivi: "Nionyeshe msumeno mmoja uliouchonga ukikata mbele yangu. Nikiridhika, nakupa kile chumba cha pembeni, na misumeno yangu yote uitunze wewe."

Chumba kile! Binti yangu alikuwa ameshajua rafu itakaa wapi na mlango utapakwa rangi gani.

Kwa hiyo msumeno wa mzee ndio uliokuwa mtihani.

Nilikwenda kumtazama mkwe akifanya kazi, maana mimi napenda kuona kitu kinavyotengenezwa. Pistoni ni kama kikombe kidogo kilichopinduliwa. Ule upindo wake wa chini mafundi wanauita sketi. Basi mkwe akaipunguza sketi upande mmoja kwa tupa laini. Anasugua kidogo, anapuliza, anapima. Anasugua tena, anapima. Mtu na subira yake.

"Mama, upande huu ndio unaoziba mlango wa kabureta, petroli inapoingilia," akanieleza. "Nikiufupisha, mlango unafunguka mapema, injini inavuta pumzi ndefu."

Kisha kingo za kichwa cha pistoni zikakerezwa kwenye mashine ya kuazima, ili silinda, ile nyumba ya pistoni, ikae chini zaidi na mbano uongezeke.

Na hapo ndipo penye jambo.

Pistoni ile huja na mshale kichwani, unaoonyesha upande wa kutazama bomba la moshi. Kule kukerezwa kuliufuta mshale. Mkwe akagonga nukta mahali pake kwa ncha ya chuma. Nukta ndogo, kama jicho la sisimizi.

Mkwe alitaka kuifunga mwenyewe. Mzee akakataa katakata.

"Msumeno wangu haufungwi na mkono wa mtu mwingine."

Mkwe ni mkwe. Atabishanaje na baba wa mkewe? Akamkabidhi pistoni kwa mikono miwili. "Baba, nukta itazame bomba la moshi. Ikikaa kinyume, ncha za ringi, zile pete zake, zitanasa kwenye tundu la moshi na kuvunjika."

"Unanifundisha?"

"Nakukumbusha tu, baba."

Alasiri yake mzee akaketi mlangoni penye mwanga. Mimi nikashika sahani yenye skrubu. Akaizungusha pistoni mkononi. Akaizungusha tena. Akaisogeza karibu na pua kama anayenusa tumbaku. Akaifunga.

Nukta ilikuwa inatazama kabureta.

Niliiona waziwazi.

"Mzee, mkwe si alisema nukta itazame bomba la moshi?"

"Nimefunga pistoni tangu wewe hujui kuwasha jiko! Shika sahani."

Nikashika sahani.

Nikajiambia, mwanamume hafundishwi kazi yake. Nikajiambia, labda nimeona vibaya. Uongo mtu anaojiambia mwenyewe hauna wa kuupinga.

Silinda ikashuka, ikaimeza pistoni, na nukta ikaingia gizani.

Mkwe alipokuja akasema tuujaribu kwanza nyumbani. Mzee akamjibu, "Bibi arusi haonyeshwi kabla ya siku yake."

Basi siku yake ikafika, na bibi arusi akatapika.

Kicheko kilipopungua, maneno yakaanza.

"Huyu si fundi, ni kinyozi!"

"Kaikata sketi pistoni ya watu, imejifungia ndani kwa aibu!"

Mkwe alipiga magoti, akafungua bomba la moshi, akachungulia kwenye tundu. Alichungulia kidogo tu. Akainua kichwa, akamtazama mzee. Kisha akanitazama mimi.

Mzee alikuwa anafoka mpaka mishipa ya shingo imesimama. "Nilimpa pistoni nzima, kanirudishia kizibo cha chupa! Msumeno uliosomesha watoto wangu! Nimempa binti, sasa amekuja kuniua na injini!"

Nilingoja mkwe ajitetee. Naapa nilingoja.

Akasema, "Nisamehe, baba. Nilikosea vipimo."

Msimamizi akajifuta kifua. "Kijana, kile chumba nitakiwekea magunia."

Njiani kurudi nilitembea nyuma yao nikitazama visigino vyao. Kulikuwa na upepo mzuri, lakini uso ulikuwa unaniwaka kama nimeinamia tanuri.

Kesho yake binti yangu akaja. Hakuketi.

"Mama, mume wangu anaitwa Kinyozi mpaka dukani. Wateja wawili wameshachukua mashine zao. Na yeye hasemi kitu, amejilaza tu anatazama dari. Wewe ulikuwepo baba akifunga. Nukta ilitazama wapi?"

Mimi, niliyewachapa watoto hawahawa kwa kusema uongo, nikamtazama mwanangu machoni.

"Sikuangalia."

"Wewe? Unayejua hata jirani akibadilisha kifungo cha shati?"

Akangoja. Akaondoka bila kuaga, na mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Chakula kilinishinda. Nikajifunga mtandio, nikaenda barazani kwa mkwe. Nilimkuta anapanga vifaa vyake kwenye sanduku, kimoja kimoja, kama mtu anayehama.

"Baba," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, "nukta ilikuwa kinyume. Niliiona."

Hakushtuka. "Najua, mama. Nilipochungulia nikaona upande mfupi umekuja kwenye moshi. Mchanganyiko wa petroli unapita chini ya sketi na kutoka nje, ndiyo maana ulitapika."

"Mbona hukusema?"

Akaishika tupa, akaitazama, akaiweka.

"Ningesemaje? Kwamba baba haoni? Mbele ya wale vijana? Mama, mimi nikiitwa Kinyozi nitapoa. Mzee angeambiwa pale kwamba macho yamekwisha, wangemnyang'anya msumeno na heshima yote ya uzee wake kwa siku moja."

Nikaketi kwenye kizingiti.

Haoni?

Nikaanza kuunganisha. Chai inayomwagwa nje ya kikombe. Salamu anazoitikia kwa sauti kabla hajajua ni nani. Shati alilovaa ndani nje, nikamcheka siku nzima. Mimi ninayeona vifungo vya majirani sikuona macho ya mume wangu.

Nikarudi nyumbani. Mzee alikuwa ameketi karibu na ule msumeno, mkono juu ya gunia.

"Mzee, unaona vidole vyangu?"

Aligeuza uso kuifuata sauti yangu.

"Naona kuna mtu," akasema. "Na harufu najua ni ya kwako."

Nikamwambia kila kitu. Nukta, tundu, mkwe alivyojitwika mzigo usio wake. Nilitegemea afoke. Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Kwa hiyo uliona."

"Niliona."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Si ulinikemea?"

"Nakukemea kila siku!" akasema, na sauti ikamkatika katikati. "Bibi wewe, mwaka mzima macho yangu ni wewe. Ukinung'unika kwamba nimemwaga chai, ndipo najua kikombe kiko wapi. Siku ile sikuiona nukta, na vidole hivi vimeshakufa ganzi kwa mtetemo. Uliponiuliza nikaona haya, nikafoka. Halafu nikangoja. Wewe husemi jambo mara moja, husema mpaka mtu ahame nyumba. Ukanyamaza. Nikasema moyoni, basi imekaa sawa."

Hapo ndipo niliposhika kichwa.

Siku zote nilidhani kosa ni la mkono wake, na langu ni kulificha tu. Kumbe pistoni ile niliifunga mimi, kwa mdomo wangu uliofumbwa.

Asubuhi tukaenda kiwandani. Njia nzima alinishika bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya mchana. Mkwe tulimwita. Alikuja akiburuza miguu.

Mashine zikazimwa. Mzee akavua kofia.

"Nyie mliocheka, sogeeni. Pistoni niliifunga mimi, nyuma mbele. Sioni vizuri. Mkwe wangu kazi yake ilikuwa safi, na aliponifichia, mimi nikamtukana. Lawama zote ni zangu. Nilifunga peke yangu, mke wangu alikuwa ametoka."

Nikamgeukia.

Alikuwa ananifunika. Mkwe kamfunika yeye, yeye ananifunika mimi, na binti yangu kule nyumbani ameachwa na swali lake. Ukoo mzima tumekuwa vifuniko, hakuna chungu.

Ningeweza kunyamaza. Naandika hili ili mjue kwamba hata pale, nilitamani kunyamaza.

"Sikuwa nimetoka," nikasema.

"Bibi, paza sauti," mtu mmoja akaita kutoka nyuma.

"Nilikuwepo! Niliona nukta iko kinyume. Niliuliza mara moja, nikakemewa, nikafunga mdomo. Mlipomwita huyu kinyozi nilikuwa nimesimama pale kwenye unga wa mbao, na nikafunga mdomo tena. Binti yangu akaniuliza, nikamdanganya."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Kicheko kina mwisho. Macho ya mkwe wangu yaliyoinama ili yasinione nikilia, hayo hayana.

Msimamizi akamuuliza mkwe, "Unaweza kuichonga nyingine?"

"Ninaweza."

"Ataifunga nani?"

Mzee ndiye aliyejibu. "Yeye. Na nitasimama mbali."

Pistoni ilifungwa. Msumeno ulikata. Sitawaelezea sauti yake, mzee ndiye ajuaye kuieleza, na siku hizi anawaeleza hata wasiomuuliza. Chumba cha pembeni mkwe alikipata, ingawa msimamizi alimzungusha kwanza.

Binti yangu amenisamehe kwa mdomo. Moyo wake unakuja nyuma polepole, na sina haki ya kuuharakisha. Akinisalimu bado natazama chini.

Nimelelewa nikiambiwa kwamba kunyamaza ni heshima. Ipo heshima ya kunyamaza, sikatai. Lakini usiyatumie maneno hayo kama nilivyoyatumia mimi, kujificha nyuma yake huku mwenzako anaelekea shimoni.

Ukiona kosa, sema. Ukikemewa, sema tena.

Huyo anayekukemea huenda ndiye anayengoja, kwa moyo wake wote, useme mara ya pili.