Kompyuta ya Dirisha la Mapokezi

Kuna kipindi mume wangu alianza kurudi nyumbani kimya. Yeye ni muuguzi, lakini zahanati anayofanyia kazi hapa Nkende, karibu na mpaka wa Kenya, ilikuwa imempanga kwenye dirisha la mapokezi. Jioni moja nilimuuliza kinachomsibu.

"Nimesema samahani mpaka ulimi umechoka," akajibu. "Kompyuta inatafuta, mimi naomba radhi."

Kazi yangu ni kutunza kanzidata, yaani hifadhi za taarifa kwenye kompyuta, za ofisi mbalimbali, na zahanati hiyo ilikuwa imeniita mara chache. Kesho yake nikaenda kukaa naye dirishani.

Alikuja bibi mmoja kutoka Nyanungu, amembeba mjukuu mwenye homa. Mume wangu akamwamkia, kisha akaandika namba ya simu ya bibi huyo, maana huku majina yanafanana sana na kadi husahaulika nyumbani. Skrini ikaganda. Akamuuliza habari za mvua, za mahindi, za binti yake aliyeolewa upande wa Kenya. Bibi akajibu yote, jibu la kompyuta bado. Chini ya meza nikaona mkono wa mume wangu ukikunja na kukunjua kitambaa.

Bibi alipokwisha kupata faili, nikaingia chumba cha nyuma. Niliiomba kanzidata inionyeshe mpango wake, yaani maelezo inayotoa yenyewe, hatua kwa hatua, ya namna inavyolitafuta jibu. Nikakuta inapitia jedwali lote la wagonjwa, wa kwanza hadi wa mwisho. Faharasa ya namba za simu, ile orodha iliyopangwa ili kompyuta ifike kwenye jibu bila kupitia wote, ilikuwepo, ila haikuguswa.

Nilipozitazama namba zenyewe nikaelewa. Hizi zinaanza na sifuri, zile na msimbo wa Tanzania au wa Kenya, nyingine zina nafasi katikati. Kila mtu akitafutwa, programu ilizisafisha zote upya kabla ya kulinganisha, na faharasa ya namba ambazo hazijasafishwa haikuwa na msaada.

Nikatengeneza faharasa ya tarakimu tisa za mwisho tu, ambazo hubaki zilezile namba ikiandikwa vyovyote, nikairekebisha programu itafute kwa hizo, nikajaribu kwanza kwenye nakala. Mpango ukabadilika. Sasa ulikwenda moja kwa moja kwa mgonjwa anayetakiwa, nami nikauweka kwenye kanzidata yenyewe ya zahanati.

Siku iliyofuata mume wangu alinikuta jikoni nikisonga ugali.

"Mama watoto, umeifanya nini ile mashine? Sijamaliza kuandika, jina limeshatoka!"

Nikamfungulia kompyuta yangu mezani, nikamwonyesha mpango wa zamani na mpya. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Kumbe ilikuwa inahangaika hivi," akasema. "Na mimi nikidhani imelala. Maskini."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliutazama ule mpango wa zamani kwa huruma kabisa, kama anavyotazama chati ya mgonjwa aliyevumilia maumivu bila kusema. Kisha akanawa mikono, akanipokonya mwiko na kuniambia niketi.