Jina Langu Kwenye Ukuta wa Marehemu

Niliwahi kuagizwa niandike jina langu mwenyewe kwenye ukuta wa marehemu.

Aliyeniagiza alikuwa amesimama mbele yangu, kashika leso, na hanijui.

Ukidhani nakufunga kamba, pita zako salama, sitakudai kitu.

Mimi ni mchora mabango. Saluni, bucha, gereji, magari ya mizigo, chochote chenye maandishi mtaani kwetu brashi yangu imepita. Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye kamati ya kulinusuru kanisa kuukuu. Kazi hiyo na shangazi yangu, maana mwenyekiti alikuwa yeye.

Shangazi ndiye aliyenilea. Baba, kaka yake, alifariki kabla sijaanza kutembea. Mama, nilivyoambiwa, aliondoka na kifua kikuu nikiwa mdogo, akazikwa huko huko hospitali ya mbali. Shangazi hakuwa na mume wala mtoto. Tulikuwa wawili tu, chanda na pete.

Sasa hilo kanisa.

La mawe, la zamani sana. Mchwa walikuwa wamekula mbao za paa mpaka ukiimba kwa nguvu vumbi linakudondokea mdomoni. Mnara ulikuwa na ufa unaoingia mkono. Wakubwa wa kanisa walishachoka nalo, wakapata mnunuzi. Mpango ulikuwa libomolewe na makaburi ya nyuma yahamishwe, ndugu wa kila marehemu waitwe kwa tangazo.

Shangazi aliposikia hivyo aliacha kula.

Sisemi kwa kutia chumvi. Alikonda. Kisha akainuka kama mtu aliyetiwa moto. Akakusanya watu wa kujitolea: mpiga kinanda, fundi seremala, mwalimu mstaafu, akina mama wa usafi. Tukaanza kuchangisha. Tamasha la kwaya, mnada wa keki, matembezi, chakula cha mchana cha kulipia. Mvua inyeshe, jua liwake, Shangazi yupo getini na kipaza sauti, sauti imemkauka.

Watu wakasema mama huyu ana imani ya ajabu. Nami nikavimba kichwa.

Wazo la matofali lilitoka kwa mpiga kinanda. Ukuta wa ukumbi wa mbele ulitakiwa kujengwa upya, basi anayechangia aandikiwe jina la mpendwa wake aliyetangulia, kwenye tofali moja. Wote tukaona hapo mambo ndiyo hayo. Shangazi peke yake akapinga.

"Tutawaamsha watu na vilio vyao," alisema.

Tukapiga kura, akashindwa. Hakunisemesha jioni ile, nikadhani ni uzee.

Tangazo likaenda redioni, na watu wakaja hata kutoka miji mingine. Siku ya gulio la kanisa niliweka meza yangu chini ya turubai, rangi nyeusi, brashi nyembamba, matofali pembeni. Tofali la kwanza kabisa nililiandika mwenyewe, la mama yangu. Nililia kidogo, nikafuta pua, nikaendelea na kazi.

Mchana hivi akaja mama mmoja mwembamba, gauni limepigwa pasi vizuri, viatu vimechakaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni hapa mnapoandika waliotutoka?"

"Ni hapa. Nitajie jina."

Akataja.

Jina langu. La baba. La babu. Yote matatu, yamepangana.

Nilicheka, nikidhani kuna mtu wa kamati ananitania. Nikamtazama usoni, cheko likanikauka.

"Rudia, mama. Taratibu."

Akarudia.

"Ni nani wako?"

"Mwanangu. Sikuwa na mwingine. Surua ilimchukua nikiwa nimelazwa mbali, wananihesabia siku. Hata kumzika sikumzika." Akakunja leso. "Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutamka r."

Majina hufanana, nikajiambia. Moja hufanana, hata mawili. Matatu je?

"Kabla hujaandika," akasema, "nisaidie nikaone alipolala. Wifi yangu alinionyesha zamani, nilipotoka hospitali. Ni huko nyuma, karibu na ukuta. Baada ya hapo nilihama mji. Sikuweza kuishi karibu napo."

Nikaacha brashi, nikampeleka.

Kule nyuma makaburi mengi yamemezwa na majani. Kikaburi kimoja tu kilikuwa safi, kifupi, kina msalaba wa chuma usio na jina. Nilikijua. Shangazi alikuwa akikipalilia kwa mikono yake, na ukimuuliza anasema ni cha mtoto wa watu, hakina mwenyewe.

Yule mama akapiga magoti hapo bila kuuliza. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja kwenye udongo kama anayepima homa.

Nikasikia kishindo nyuma yetu.

Alikuwa Shangazi. Amebeba viti vya plastiki, vimemponyoka vyote.

Yule mama akageuka. Akasema neno moja, kwa upole kabisa.

"Wifi."

Jamani, kuna wakati kichwa kinaelewa huku moyo unakataa. Nilisimama kati ya wanawake wawili, huku ndani ya kanisa kwaya ikifanya mazoezi.

"Shangazi," nikasema, "huyu ni nani?"

Akainama kuokota viti. Nikamgeukia yule mama.

"Mama, jina ulilonipa ni langu mimi. Ndilo ninaloitwa tangu nizaliwe."

Aliinuka taratibu. "Binti, usinifanyie mzaha juu ya kaburi."

"Muulize yeye."

Akamuuliza kwa macho tu. Shangazi akakaa chini palepale, kwenye majani, mwenyekiti mzima na kitambulisho chake kifuani. Na mtu aliyekaa vile huhitaji tena kumuuliza.

Nilidhani mama atanikumbatia. Ndivyo ambavyo ningeandika kama ningekuwa natunga.

Hakunigusa. Aliangalia chini, kwenye msalaba.

"Kama huyu yuko hai," akasema, "miaka yote hii nimemlilia nani?"

Shangazi akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Wangu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba shangazi yangu aliwahi kuzaa. Binti, rika langu, ambaye baba yake alimkataa tumboni. Wakati huo Shangazi alikuwa akiishi upande mwingine wa mji, na mama alipolazwa aliniacha kwake. Surua ikaingia nyumba ile, ikatulaza wote wawili kwenye mkeka mmoja. Mwenzangu akaenda. Mimi nikabaki.

"Watoto walikuwa wanazikwa haraka haraka siku hizo, hakuna hata wa kunipa mkono wa pole," Shangazi alisema. "Nilirudi nyumbani nikakukuta umeamka, unaomba maji. Ukaniita mama. Madaktari walishasema wifi hafiki mwezi. Nikamtumia salamu kwamba aliyekufa ni wake. Nikajua naye atakufa, na uongo utazikwa naye."

"Nikapona," mama akasema.

"Ukapona. Ukaja. Nami nilikuwa nimeshamzoea. Nikamficha kwa jirani, nikakuleta hapa."

Basi lile kanisa, ile mikesha ya maombi, kile kipaza sauti getini, vyote vilikuwa vya kaburi hili. Kama lingebomolewa, mwanawe angefukuliwa, na tangazo la ndugu lingemfikia mama. Shangazi alikuwa akimlinda mtoto wake na kumficha mtoto wa mwenzie, kwa mikono ileile, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua mkono upi ulikuwa ukifanya nini.

Mama hakumtukana. Nilitamani amtukane. Alijifuta uso kwa leso, akasema basi lake linaondoka, akaomba apishwe njia. Aliponipita aliniita "dada", kama unavyomwita mtu wa dukani.

Nilishughulikia matofali mawili jioni ile kabla ya jua kuzama. La mama nililifuta kwa tapentaini mpaka likabaki tupu. Kwa la pili nilimwomba Shangazi anitajie jina la binti yake. Alijaribu mara kadhaa, midomo inafunguka, sauti haitoki. Alikuwa hajalitamka tangu siku aliyomzika. Lilipotoka lilikuwa jina dogo, la herufi chache, nikaliandika.

Kanisa lilipona. Paa ni jipya, ufa umezibwa, watu wanakuja kupiga picha za harusi. Shangazi alijiuzulu na hakuna aliyeambiwa kwa nini. Nimehama kwake. Namnunulia dawa, namwachia mlangoni, tunasalimiana.

Mama nilimfuata mjini kwake. Alinikaribisha, akanikatia tunda, akanipa kiti kizuri. Nilienda tena, na tena. Kila mara ananipokea kama mgeni wa heshima. Mara ya mwisho nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kama hafurahi kwamba niko hai.

Aliweka kisu cha tunda mezani.

"Nafurahi," akasema. "Lakini mimi nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, nikamlilia mpaka akaniisha. Wewe ni mtu mzima umekuja na sura ya marehemu mume wangu. Nipe muda. Na muda wenyewe sina mwingi."

Nikaosha sahani, nikaaga.

Ninachoweza kukuambia ni hiki tu. Usimwambie mtu amefiwa kama hajafiwa, hata ukidhani unamsitiri, hata ukidhani hatafika mwezi. Siku utakapomrudishia aliyemlilia, atampokea kwa mikono ambayo imeshasahau kubeba.